Mwizi Aliyealikwa

Msomaji wangu, hebu tuanze na swali dogo. Ukijenga nyumba, ukaitia mlango wa mvule na kufuli la shaba, ni nani atakayekuambia kweli kwamba mlango huo ni imara? Seremala atausifu, kwa kuwa ni kazi ya mikono yake. Muuza makufuli atausifu, kwa kuwa ndiyo riziki yake. Wewe mwenyewe utausifu, kwa kuwa umekwisha kutoa fedha zako, na moyo wa mtu haupendi kuambiwa kwamba fedha zake zimekwenda bure. Amebaki mmoja tu asiye na sababu ya kuusifu, naye ni mwizi. Lakini mwizi haji mchana kutoa maoni. Huja usiku, nawe huipata hukumu yake asubuhi, nyumba ikiwa tupu.

Kwa sababu hiyo walitokea watu waliojiuliza: je, haiwezekani kumwalika mwizi mapema, kwa hiari yetu, mchana kweupe, atuonyeshe njia atakayoingilia kabla mwizi wa kweli hajaijua? Fikra hii yaonekana kama mzaha, lakini imeokoa mali nyingi. Ilianza katika vyuma, ikahamia katika kompyuta, na leo imefika katika mashine za akili unde zinazotumiwa na mabenki, hospitali, wafanyabiashara na serikali. Historia yake ndiyo nitakayo kukusimulia, kwani ina funzo moja ambalo wakubwa wengi hujifunza kwa hasara.

Twende kwanza London. Katika barabara ya Piccadilly palikuwa na duka la fundi mmoja mashuhuri, Joseph Bramah, aliyepata hati ya kumiliki uvumbuzi wa kufuli lake mwaka 1784. Dirishani mwa duka hilo liliwekwa kufuli moja pamoja na ubao uliotangaza kwamba fundi awezaye kutengeneza chombo cha kulifungua angelipwa gini 200. Bramah alikufa mwaka 1814, na kufuli likabaki dirishani. Miaka ikapita, watu wakazaliwa na kuzeeka, na kufuli bado limefungwa. Kwa zaidi ya miaka 60 Waingereza walilala usingizi mzuri, wakiamini kwamba kufuli hilo halifunguki.

Mwaka 1851 yakafanyika Maonyesho Makuu katika bustani ya Hyde Park, na miongoni mwa wageni akaja fundi wa makufuli kutoka Marekani, jina lake Alfred Charles Hobbs. Huyu hakuja na maneno mengi. Kwanza aliliendea kufuli la Chubb, ambalo lilisifiwa kwa werevu wake, kwa maana lilitengenezwa hivi kwamba mtu akilichokonoa vibaya hujifunga na kumpa mwenyewe habari kwamba limechezewa. Mbele ya mashahidi, Hobbs alilifungua kwa muda wa dakika 25 hivi. Kisha akaomba ruhusa ya kulijaribu kufuli la Bramah. Akapewa chumba, na wasuluhishi wakachaguliwa ili kuhakikisha kwamba hakuna udanganyifu. Alifanya kazi kwa saa zipatazo 51, zilizogawanyika katika siku 16. Mwishowe kufuli likafunguka, na zile gini 200 akapewa.

Fikiri, msomaji, jinsi habari hiyo ilivyowashtua watu. Kufuli halikubadilika hata kidogo siku ile. Udhaifu wake ulikuwamo tangu lilipotoka mikononi mwa fundi, ila hakuna aliyeuona. Miaka 60 ya amani haikuwa ushahidi wa uimara. Ilikuwa ushahidi kwamba mwenye ustadi wa kutosha hajafika. Hapa pana funzo letu la kwanza: kutoibiwa si dalili ya kutoibika.

Jambo hilo lilizua ubishi mkubwa. Wako waliosema kwamba Hobbs ametenda vibaya, kwani amewafundisha wezi. Wengine wakajibu kwamba wezi hawangoji kufundishwa. Kazi yao wanaijua kitambo, na wasioijua ni raia wema wanaonunua makufuli mabovu. Ubishi huo haujaisha hata leo. Katika mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, aliyeandika juu ya maandishi ya siri ya kijeshi, aliweka kanuni inayoelekea upande wa pili: mtambo wa siri haufai kutegemea kufichwa kwake, ni lazima uweze kuanguka mikononi mwa adui bila ya kuleta madhara, maadamu ufunguo wenyewe haujulikani. Wahenga wetu walikuwa na usemi ulio karibu na maana hiyo: mficha maradhi kifo humuumbua.

Hadithi ya Hobbs ina mkia ambao husahauliwa. Yeye alikuwa mtumishi wa kampuni ya New York iliyouza kufuli lake yenyewe, nalo likasifiwa kuwa ndilo lisiloshindika. Haikupita miaka mingi, Mmarekani mwenzake, Linus Yale mdogo, akalifungua. Hivyo mjaribu naye akajaribiwa. Funzo la pili ni hili: hakuna kufuli la mwisho, wala hakuna jaribio la mwisho.

Sasa tuache vyuma, tuingie katika kompyuta. Kompyuta za kwanza zilitumiwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, na ulinzi wake ulikuwa mlango wa chumba. Katika miaka ya 1960 ikavumbuliwa njia ya watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa pamoja, kila mmoja na neno lake la siri. Katika chuo cha MIT huko Marekani palikuwa na mtambo wa namna hiyo, na siku moja pakatokea kioja. Watunzaji wawili walikuwa kazini kwa wakati mmoja: mmoja akirekebisha salamu ya siku inayosomwa na kila aingiaye, mwenzake akirekebisha orodha ya maneno ya siri. Programu waliyoitumia ilitungwa kwa kudhani kwamba hapatakuwa na watunzaji wawili mahali pamoja, na hivyo ikachanganya karatasi zao. Kila mtu aliyeingia alikaribishwa kwa orodha ya maneno ya siri ya wenzake wote! Angalia kwamba hapakuwa na mwizi. Palikuwa na dhana tu, na dhana ilipokuwa si kweli, mlango ukafunguka wenyewe.

Wakuu wa majeshi ya Marekani waliona hatari hiyo, kwani walitaka kuhifadhi siri zao katika kompyuta za shirika. Mwaka 1970 kamati iliyoongozwa na Willis Ware ilitoa ripoti juu ya ulinzi wa kompyuta, na mwaka 1972 James Anderson akatoa nyingine kwa ajili ya Jeshi la Anga. Katika siku hizo walianza kutumiwa wataalamu wa kuvamia kompyuta kwa amri ya wenyewe, nao wakaitwa vikosi vya chui milia. Kazi yao ilikuwa kuingia, na mara nyingi waliingia.

Kazi moja yafaa tuitazame kwa makini. Mwaka 1974 maofisa wawili wa Jeshi la Anga, Paul Karger na Roger Schell, walitoa taarifa ya majaribio yao juu ya mtambo ulioitwa Multics, ambao ulitungwa kwa uangalifu kuliko mingi ya wakati wake. Walipata nyufa katika programu, katika taratibu za watunzaji, na hata katika chuma chenyewe cha mashine. Ufa wa chuma waliupataje? Walitunga programu ndogo iliyokuwa ikiujaribu ulinzi wa mashine tena na tena, bila kuchoka, kwa muda wa saa zipatazo 1,100. Binadamu angalijaribu mara kumi, akaridhika, akaenda kula. Programu ile haikuridhika. Tunaweza kusema kwamba huyo ndiye babu wa majaribio ya kudumu tunayoyahitaji leo.

Lakini hapa ni lazima nikuonye, ili usije ukaondoka na nusu ya ukweli. Anderson katika ripoti yake alieleza kwamba kuvamia na kuziba, kisha kuvamia tena na kuziba tena, hakuwezi peke yake kuufanya mtambo mbovu kuwa imara. Jaribio laweza kuonyesha kwamba ufa upo. Haliwezi kuonyesha kwamba ufa haupo. Nyumba iliyojengwa juu ya mchanga haiokolewi na mkaguzi hodari. Kwa hiyo yale yanayofunuliwa na wajaribu sharti yarudi kwa wajenzi, yabadilishe namna ya kujenga, si kuzibwa kwa udongo tu na kusahauliwa.

Tarehe 2 Novemba 1988 dunia ilipata mfano wa uvamizi usio na ruhusa. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, Robert Morris, aliachilia katika intaneti programu iliyojisambaza yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Ilikadiriwa kwamba kompyuta 6,000 hivi ziliathirika, sehemu kubwa kwa mtandao uliokuwa bado mchanga. Programu ile haikukusudiwa kuvunja mali, lakini kwa kosa la utungaji ilijirudia mno, hata kompyuta zikalemewa. Morris alihukumiwa mwaka 1990: alitozwa faini ya zaidi ya dola 10,000, akapewa saa 400 za kuutumikia umma, na akawekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu. Kabla mwezi ule wa Novemba haujaisha, kiliundwa kituo cha kupokea na kutangaza habari za nyufa za kompyuta, katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon.

Tofauti kati ya Hobbs na Morris yafaa kukaa moyoni mwako, hasa wewe kijana mwenye vidole vyepesi na akili ya kuuliza. Ustadi wao ulifanana, ruhusa haikufanana. Hobbs aliomba, akakubaliwa, akatazamwa. Morris hakuomba. Katika nchi yetu Sheria ya mwaka 2018 ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni huhesabu kuwa kosa kuingia katika kompyuta ya mtu bila ya idhini, hata kama umeingia kwa kutaka kuona tu. Ruhusa iliyoandikwa ndiyo inayomtenga mkaguzi na mhalifu.

Sasa tumefika katika zama zetu. Akili unde ina jambo moja lisilokuwamo katika makufuli wala katika kompyuta za zamani. Kompyuta ya zamani hufuata maagizo yaliyoandikwa na mtunzi wake, hatua kwa hatua. Modeli ya lugha haikuandikiwa maagizo ya namna hiyo. Imelishwa maandishi mengi mno, ikajifunza neno lipi huelekea kulifuata neno lipi, na kutokana na hayo hujibu. Swali lile lile ukiliuliza mara mbili laweza kupata majibu mawili. Tena, na hapa ndipo penye hatari, kwake amri ya bwana wake na maneno ya mgeni huja kwa njia moja, yote yakiwa maneno. Mfikirie karani mtiifu kupita kiasi, ambaye umempa barua akusomee. Barua ikisema, "Ewe msomaji, fungua sanduku la bwana wako," naye anaondoka kwenda kulifungua! Utiifu wake, ambao ndio sifa yake, umekuwa ndio mlango wa adui.

Dalili zilionekana mapema. Mwishoni mwa mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba picha ikibadilishwa kidogo sana, kiasi ambacho jicho la mtu haliwezi kutambua, mashine ya kutambua picha huweza kuiita kitu kingine kabisa. Baadaye wengine wakabandika vipande vya karatasi juu ya alama ya barabarani inayoamuru gari kusimama, na mashine ikaisoma kuwa alama ya kupimia mwendo. Mwezi wa Machi 2016 kampuni ya Microsoft ilitoa mashine ya kuzungumza na watu iliyoitwa Tay. Watu wenye nia mbaya wakaifundisha matusi na chuki, na kabla ya siku moja kwisha kampuni ikaiondoa kwa aibu.

Tarehe 30 Novemba 2022 ilitolewa ChatGPT, na baada ya hapo makampuni mengi yakaona haraka ya kuweka mashine za namna hiyo mbele ya wateja wao. Haraka haraka, walisema wazee, haina baraka. Mnamo Desemba 2023 muuzaji mmoja wa magari huko California alikuwa na mashine ya kujibu wateja. Mtu mmoja akaiagiza ikubali kila neno la mteja, kisha akaiambia kwamba anataka gari jipya la Chevrolet kwa dola moja. Mashine ikakubali! Gari halikutolewa, lakini kicheko kilienea dunia nzima. Na mwezi wa Februari 2024 baraza la usuluhishi huko British Columbia, nchini Kanada, liliamua kesi ya abiria aliyefiwa na nyanya yake. Mashine ya shirika la ndege la Air Canada ilimwambia kwamba angeweza kuomba nauli ya punguzo ya waliofiwa hata baada ya kusafiri, jambo ambalo halikuwa kweli. Shirika lilijitetea kana kwamba mashine ile ni kiumbe mwenye kujibu kwa matendo yake mwenyewe. Baraza lilikataa utetezi huo, likaamuru abiria alipwe. Katika kesi hii hapakuwa na mwizi wala mzaha. Palikuwa na mashine isiyojaribiwa na kampuni iliyodhani kwamba lawama yaweza kuachiwa mashine.

Basi makampuni yafanyeje? Hayawezi kumwita Hobbs mara moja, kumlipa gini 200, na kwenda kulala. Yanahitaji mpango wa kudumu wa kujijaribu, na mpango huo una nguzo kadhaa ambazo mtu yeyote mwenye akili timamu aweza kuzielewa.

Nguzo ya kwanza ni kujua mali yako. Huwezi kulinda usichokijua. Katika ofisi kubwa yaweza kuwapo mashine iliyowekwa na idara moja bila idara nyingine kuwa na habari. Sharti ziandikwe zote: kila moja yafanya nini, yasoma nyaraka zipi, na ina uwezo wa kutenda nini. Mashine inayojibu maswali tu hatari yake ni ndogo kuliko ile inayoweza kutuma barua au kuhamisha fedha.

Nguzo ya pili ni kumfikiria adui: ni nani angependa kuidhuru, kwa faida gani, na kwa njia ipi. Kazi hii yahitaji watu wa namna nyingi. Mhasibu ataona njia ya wizi ambayo mtaalamu wa kompyuta hakuiota, na muuguzi ataona jibu litakalomdhuru mgonjwa.

Nguzo ya tatu ni wajaribu walio huru. Mganga hajigangi, aliyeijenga mashine haoni makosa yake, au huyaona na kuyaonea huruma. Katika michezo ya kivita ya majeshi ya Magharibi, wale wanaoigiza adui hupewa rangi nyekundu, na kutokana na desturi hiyo wajaribu wa siku hizi huitwa kikosi chekundu. Microsoft iliunda kikosi chake cha kujaribu akili unde mwaka 2018. Mwezi wa Agosti 2023, katika mkutano wa DEF CON mjini Las Vegas, watu wapatao 2,200 waliketi mbele ya modeli za makampuni kadhaa makubwa na kuzishambulia kwa ruhusa, na miongoni mwao walikuwamo wanafunzi. Ilikuwa sherehe nzuri. Hata hivyo sherehe ni ya siku chache, na mwizi hana kalenda ya sherehe.

Kwa hiyo nguzo ya nne, iliyo kuu kuliko zote, ni kurudia. Modeli hubadilishwa na mtengenezaji wake. Nyaraka inazozisoma hubadilika. Wafanyakazi huiongezea kazi mpya. Na hila za wavamizi huzaliwa kila wiki. Jaribio lililofaulu mwezi wa Januari halisemi lolote juu ya mashine iliyobadilishwa mwezi wa Machi. Kila ufa uliopatikana huandikwa, nao hugeuzwa kuwa swali la mtihani ambalo mashine itaulizwa tena kila inapobadilishwa, na kwa kuwa majibu yake hutofautiana, itaulizwa si mara moja bali mara nyingi. Mashine nyingine zaweza kupewa kazi hiyo ya kuuliza usiku na mchana, kama ile programu ya Karger na Schell. Binadamu wakabakia na kazi ya kubuni hila mpya.

Nguzo ya tano ni kutengeneza. Ripoti iliyofungiwa katika sanduku la meza ni mbaya kuliko kukosa ripoti, kwa sababu sasa ufa unajulikana na haukuzibwa. Kila kosa lipewe mwenyewe wa kulitengeneza na siku ya kulimaliza, na habari imfikie mkubwa mwenye uwezo wa kusema, "Mashine hii isitumike mpaka iponywe." Tena uwepo mlango wa wageni: mtu wa nje aliyeona kasoro apate pa kuisemea bila kuogopa kufungwa.

Msomaji, labda umeanza kufikiri kwamba mambo haya ni ya Marekani na Ulaya, nayo hayakuhusu. Ngoja nikuonyeshe kwamba yamekaa mlangoni pako. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Brown walichukua maombi mabaya ambayo modeli ya GPT-4 ilikuwa ikiyakataa karibu yote kwa Kiingereza. Wakayatafsiri katika lugha zenye maandishi machache mtandaoni, Kizulu kikiwa mojawapo. Waliporuhusiwa kujaribu lugha hizo moja baada ya nyingine, walifaulu kwa kiasi cha asilimia 79. Katika mwaka uo huo watafiti wengine walizipima lugha tisa zaidi ya Kiingereza, na katika kundi la lugha zenye maandishi machache waliiweka lugha yetu ya Kiswahili, pamoja na Kibengali na Kijava. Waliona kwamba uwezekano wa kupata jibu lenye madhara katika kundi hilo ulikuwa takriban mara tatu ya ule wa lugha zenye maandishi mengi.

Maana yake ni nini? Ni kwamba nyumba ilijaribiwa mlango wa mbele tu, ule wa Kiingereza, na mlango wa uani ukaachwa wazi. Nao uani ndipo tunapokaa sisi. Mama wa Kilifi atakayeiuliza mashine ya hospitali kwa Kiswahili kipimo cha dawa ya mtoto wake, na mkulima wa Trans Nzoia atakayeiuliza mashine ya benki juu ya mkopo, watakuwa wakitumia mashine iliyojaribiwa kidogo kuliko ile anayotumia mtu wa London. Makampuni yatengenezayo modeli huzirekebisha mara kwa mara, na takwimu za mwaka 2023 si hukumu ya milele. Lakini ni nani atakayejua kama zimepona, ikiwa hakuna anayezijaribu kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa Kijaluo, na kwa maneno ya mitaani yasiyo katika kamusi? Kazi hiyo hataifanya mgeni. Yamngoja mtu anayeijua lugha kutoka ndani, pamoja na mafumbo yake, utani wake na hila zake.

Wako watakaosema kwamba mpango wa namna hii ni ghali na hauna mwisho. Kuhusu mwisho wamesema kweli. Wajaribu wa Microsoft wenyewe, baada ya kujaribu mitambo zaidi ya 100 ya akili unde, waliandika mwaka 2025 kwamba kazi ya kuilinda haitakamilika kamwe. Lakini je, kufagia nyumba kuna mwisho? Palizi ya shamba ina mwisho? Mkulima hasemi, "Magugu yataota tena, kwa hiyo sipalilii." Tena gharama ya kujaribu haipimwi peke yake, hupimwa pamoja na gharama ya kutojaribu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nimekusimulia habari za fundi aliyefungua kufuli lililosifiwa kwa miaka 60, za watunzaji wawili waliofichua siri bila kujua, za programu iliyojaribu mashine kwa saa 1,100, na za kijana aliyeingia bila kubisha hodi. Katika zote hizo mnong'ono ni mmoja: sifa za mwenyewe hazilindi kitu, na amani ya jana si dhamana ya kesho. Siku moja utakuwa karani, mwalimu, daktari, mwanasheria au mkuu wa kampuni, na mtu ataleta mashine mbele yako akiisifu. Msikilize kwa adabu. Akimaliza, muulize maswali matatu: Ni nani aliyejaribu kuivunja, asiyekuwa wewe? Alijaribu lini mara ya mwisho? Na alijaribu kwa lugha gani? Akikosa jibu, usiitie mashine hiyo kazini, hata kama wenzako wote wameikubali.